Nani hasa aliwaua Wayahudi?

Wiki hii nataka kujibu swali nililoletewa na msikilizaji mmoja wa Uyole, baada ya kusikia katika taarifa ya habari juu ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na utawala wa Wanazi. Kwa kifupi anasema hivi: mambo hayo yalikuwa ya Wazungu kwa Wazungu, huko kwao Ulaya, sisi wakulima wa mahindi na viazi wa Nyanda za Juu Kusini yanatuhusu nini? Halafu anaongeza: aliyeua ni Hitler, na Hitler amekwisha kufa. Sasa tunamtafuta nani?

Swali ni zuri na lina sehemu mbili. Nitaanza na ile ya kwanza.

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara kuu ya Mbeya, kabla hujafika Mafinga unapita Ifunda. Wengi tunaijua Ifunda kwa shule yake ya ufundi. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya shule ile palikuwa na kambi ya wakimbizi, na kwamba wakimbizi wenyewe walikuwa Wazungu. Walikuwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, walioletwa Tanganyika kuanzia mwaka 1942. Kambi nyingine ilikuwa Kidugala kule Njombe, mahali palipokuwa na misheni ya Walutheri wa Berlin. Nyingine zilikuwa Tengeru karibu na Arusha, Kondoa na Morogoro. Mwaka 1939 nchi yao iligawanywa kama nyama ya mawindo, Hitler akachukua upande mmoja na Stalin upande wa pili. Hawa wa kwetu walitoka upande wa Stalin. Walipakiwa kwenye mabehewa, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, na baadaye wakapitishwa Iran na kuvuka Bahari ya Hindi hadi huku kwetu. Makaburi ya waliofia hapa yapo Ifunda na Kidugala hadi leo.

Wakimbizi wale wengi walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Katoliki, si Wayahudi. Lakini katika nchi waliyoiacha nyuma kulikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni tatu, na vita vilipokwisha mwaka 1945, karibu milioni tatu kati yao walikuwa wamekwisha kuuawa. Kwa Ulaya nzima idadi ni kama milioni sita. Kwa hiyo mama wa Kipolandi aliyekuwa akifua nguo Ifunda hakuwa na majirani wa kurudi kwao. Mshona viatu wa Kiyahudi aliyemjua na mwenye duka waliyekopa kwake unga hawakuwapo tena.

Tena kuna jambo jingine la hapa hapa. Kabla ya vita, mashamba kadhaa ya Nyanda za Juu Kusini yalikuwa ya walowezi wa Kijerumani, na chama cha Nazi kilikuwa na matawi yake Tanganyika. Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza waliwakamata wanaume wa Kijerumani na kuwaweka kizuizini, na mashamba yao yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali ya Adui. Babu zetu waliwaona watu wa chama kile kwa macho yao.

Na kama hayo hayatoshi, hebu tumkumbuke Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na baba yake aliyekuwa askari. Baadaye alikwenda Berlin, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza katika filamu, na akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Ndiyo, Kiswahili hiki hiki ninachozungumza nawe. Mwaka 1941 polisi wa siri walimkamata, akituhumiwa kuvunja sheria za rangi kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin, na humo alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Hakuwa Myahudi. Lakini mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya Wayahudi ulimsaga na yeye, mtoto wa Dar es Salaam. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye jina lake barabarani, mbele ya nyumba aliyopata kuishi.

Basi, ndugu yangu wa Uyole, sehemu ya kwanza nadhani imejibika. Sasa tuje kwenye ile ya pili, iliyo ngumu zaidi: ni nani hasa aliyeua?

Ni kweli kwamba amri ilitoka juu. Hitler alishika madaraka mwaka 1933. Mwaka 1935 zikatungwa sheria zilizowavua Wayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto na maduka yakavunjwa mchana na usiku, polisi wakitazama. Mwaka 1941, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Urusi, wanaume, wanawake na watoto walianza kupigwa risasi kwa maelfu kando ya mashimo. Tarehe 20 Januari 1942 wakubwa kumi na watano wa serikali na chama walikutana katika nyumba moja ya fahari huko Wannsee, Berlin, kupanga namna idara zao zitakavyoshirikiana katika kazi hiyo. Kisha wakaja Treblinka, Sobibor, Belzec na Auschwitz, ambako watu walishushwa kwenye treni na kuuawa kwa gesi.

Lakini Hitler alikuwa na mikono miwili tu, kama wewe na mimi. Mikono miwili haiwezi kuua watu milioni sita. Ilihitajika mikono mingine mingi sana, na hiyo ndiyo habari ninayotaka tuitafakari leo.

Chukua mfano wa reli. Wengi wenu mmefika stesheni ya TAZARA pale Mbeya, mnajua kazi ya karani wa tiketi. Shirika la Reli la Ujerumani halikuwasafirisha Wayahudi bure. Polisi walitozwa nauli, na nauli ilikuwa ya daraja la tatu, kwa kila kilomita. Mtoto wa chini ya miaka kumi alilipiwa nusu, na wa chini ya miaka minne alisafiri bure. Kundi likizidi watu mia nne lilipewa punguzo. Walinzi walikatiwa tiketi ya kwenda na kurudi. Wasafiri wenyewe walikatiwa ya kwenda tu.

Tujiulize, ndugu msikilizaji. Kuna mtu aliyekaa mezani na kupiga hesabu hiyo. Alikuwa na kalamu, na kikombe chake cha kahawa kando. Alihesabu watoto wangapi wako chini ya miaka minne. Hakumpiga mtu hata kofi. Jioni alikwenda nyumbani, akawakagua watoto wake madaftari ya shule. Je, huyu aliua au hakuua?

Aliyekuwa mkuu wa mipango hiyo ya usafiri, Adolf Eichmann, alikamatwa Argentina mwaka 1960 na kushitakiwa Jerusalem mwaka uliofuata. Utetezi wake ulikuwa kwamba yeye alishughulikia usafiri tu, na kwamba alitii amri. Mahakama haikuukubali, akanyongwa mwaka 1962. Kabla yake, mahakama ya Nuremberg ya mwaka 1945 na 1946 ilikuwa imekwisha kuweka msingi: amri ya mkubwa yaweza kupunguza adhabu, lakini haimfutii mtu kosa lake.

Najua kuna atakayesema: wewe mtangazaji, ni rahisi kusema hivyo ukiwa nyuma ya kipaza sauti. Yule karani na yule askari wangekataa, wangeuawa wao. Basi nikupe kisa cha Józefów.

Józefów ni mji mdogo huko Poland. Alfajiri ya tarehe 13 Julai 1942 kiliingia kikosi cha polisi wa akiba namba 101, kutoka Hamburg. Watu wake walikuwa kama mia tano, na wengi hawakuwa vijana. Walikuwa makuli wa bandarini, madereva, makarani, baba zenye familia. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwakusanya na kuwaeleza kazi ya siku ile: wanaume wa Kiyahudi wenye nguvu watengwe kwa ajili ya kambi ya kazi, na wanawake, watoto na wazee wapigwe risasi msituni. Kisha akasema jambo ambalo halikutarajiwa. Mtu mzima asiyejiona kuweza kazi hii na atoke mbele.

Watu kama kumi na wawili tu walitoka. Walirudisha bunduki zao, wakapewa kazi nyingine. Hawakupigwa risasi, wala hawakufungwa. Waliobaki waliingia msituni, na hadi jioni walikuwa wameua Wayahudi wapatao elfu moja na mia tano. Meja Trapp mwenyewe alionekana akilia siku ile. Alilia, na amri akaitoa. Machozi yake hayakumwokoa hata mtoto mmoja.

Mwanahistoria Christopher Browning, aliyesoma maelezo ambayo watu wa kikosi hicho waliyatoa baadaye mbele ya waendesha mashitaka, aligundua kwamba wengi hawakuua kwa sababu ya chuki kali. Waliua kwa sababu mwenzao wa kulia ameua na wa kushoto ameua. Waliogopa kuonekana waoga. Waliona aibu kuwaachia wenzao kazi chafu. Na katika kesi zote za baada ya vita, mawakili walitafuta mfano wa Mjerumani aliyeuawa kwa kukataa kuwapiga risasi raia wasio na silaha. Hawakuupata.

Upande wa pili wako waliotumia kalamu ile ile kwa kuokoa. Paul Grüninger alikuwa kapteni wa polisi katika jimbo la St. Gallen, Uswisi, mpakani. Mwaka 1938 serikali yake ilifunga mpaka kwa wakimbizi wa Kiyahudi. Grüninger akawa anaandika kwenye karatasi zao tarehe za nyuma, ionekane waliingia kabla ya mpaka kufungwa. Mamia kwa mamia walipona. Yeye alifukuzwa kazi mwaka 1939, akashitakiwa na kutiwa hatiani, na alikufa maskini mwaka 1972. Mahakama ilimsafisha jina mwaka 1995, miaka ishirini na mitatu baada ya kufa. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kukataa hakuna gharama. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na nafasi ya kuchagua, na gharama mara nyingi ilikuwa ndogo kuliko ile waliyojisingizia waliotii.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, utawala wa Gavana Götzen uliamua kuwashinda watu kwa njaa. Ubena, Upangwa na Ungoni vijiji vilichomwa, maghala ya nafaka yakateketezwa, watu wakazuiwa kulima. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wetu wamefikia 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa na maradhi. Amri ilikuwa ya Mjerumani. Lakini maafisa wa Kijerumani walikuwa wachache sana, na mkono ulioshika kijinga cha moto chini ya ghala la mtama mara nyingi ulikuwa mweusi: mkono wa askari, au wa rugaruga aliyetoka katika makabila ya nyanda hizi hizi. Hilo huwa hatupendi kulisimulia.

Na mwaka 1994 yakatokea ya Rwanda, hapa jirani. Katika muda wa siku mia moja waliuawa watu zaidi ya laki nane, wengi kwa mapanga, wengi na majirani wanaowafahamu kwa jina. Umoja wa Mataifa uliunda mahakama, nayo ikakaa Arusha, katika nchi yetu, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mtu wa kwanza kuhukumiwa pale baada ya kesi kusikilizwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba na kabla ya hapo mwalimu. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Jambo la kuzingatia katika kesi ile ni hili. Siku za mwanzo Akayesu aliyapinga mauaji, na Taba ilikuwa na usalama. Tarehe 18 Aprili 1994 viongozi waliitwa kwenye mkutano. Aliporudi, mwenendo wake ulibadilika. Mtu ni yule yule, ofisi ni ile ile, na watu ni wale wale waliokimbilia kwake. Alikwisha kuonyesha kwamba kuzuia kunawezekana, halafu akachagua kutozuia. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mimi ni mtu wa redio, nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo siwezi kuacha kutaja fani yangu. Pale Nuremberg alinyongwa Julius Streicher, mchapishaji wa gazeti, ambaye hakuthibitika kuua mtu kwa mkono wake. Mtangazaji maarufu wa redio, Hans Fritzsche, aliachiwa huru na mahakama ile, kwa kuwa majaji hawakuridhika kwamba alikusudia kuchochea mauaji. Miaka hamsini na saba baadaye, Desemba 2003, mahakama ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio RTLM ya Kigali pamoja na mhariri mmoja wa gazeti. Redio ile ilisoma hewani majina ya watu na mahali walipo, na wenye mapanga wakaenda. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mtangazaji wake mmoja, Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji, alikiri makosa yake na kufungwa miaka kumi na miwili. Neno likitoka kwenye kipaza sauti lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina.

Sasa nakuja nyumbani kabisa, na hapa ndugu yangu wa Uyole naomba univumilie.

Wakati fulani nilikwenda kuandika habari ya kijana aliyeuawa karibu na soko moja mjini Mbeya. Alipigiwa kelele za mwizi, akafukuzwa, akapigwa mawe, akavishwa tairi na kuchomwa moto. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wamejaa. Niliuliza mama muuza ndizi, nikauliza wapiga debe, nikauliza fundi baiskeli. Wote walikuwapo. Hakuna aliyefanya. "Ni wananchi," waliniambia. Kesho yake habari ikatoka kama kawaida: mtu mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

Wananchi wenye hasira kali! Tumelisikia neno hilo mara ngapi redioni na magazetini? Huyo "wananchi" ni nani? Anakaa mtaa gani? Wanazi nao walikuwa na maneno yao. Kuwapeleka watu kuuawa waliita kuwahamishia mashariki. Mauaji yote kwa jumla waliyaita suluhisho la mwisho. Maneno ya namna hiyo yana kazi moja, kuufunika mkono usionekane.

Sisemi kwamba kuua kibaka sokoni ni sawa na kuangamiza taifa zima. La hasha. Ule ulikuwa mpango wa serikali, wenye bajeti, reli na jeshi, na uliwalenga watu kwa kuwa tu wamezaliwa. Lakini njia ya kumfanya baba wa watoto wanne aue mtu asiyemjua, kisha alale usingizi, ni ile ile. Mpe kazi ndogo. Mzungushie wenzake. Mwondolee jina.

Pale sokoni tairi halikuja lenyewe. Kuna mtu alilitoa mahali. Kuna aliyenunua au kuchota petroli, kuna aliyekuwa na kiberiti, na kuna aliyepiga ile kelele ya kwanza. Na tulikuwapo tuliosimama kifua mbele tukitazama, kwani mduara wa watu ndio uliomzuia kijana yule kukimbia. Sheria yetu inalijua hilo. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 22 na 23, inamhesabu kuwa mkosaji hata aliyesaidia na hata aliyeungana na wenzake kwa nia moja. Hakuna kifungu kinachoitwa wananchi.

Vivyo hivyo kwa bibi kizee anayeitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni, na kwa ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa kama wanyama. Kila tukio huanza na mtu mmoja kusema, na wa pili kuitikia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Wayahudi waliuawa na Hitler, na waliuawa pia na karani wa nauli, na dereva wa treni, na mhariri, na wale polisi karibu mia tano wa Hamburg ambao hawakutoka mbele. Kila mmoja alibeba sehemu yake, na sehemu hiyo haikupungua kwa sababu wabebaji walikuwa wengi. Wahenga walisema kila mtu atabeba msalaba wake. Mimi naongeza kwamba siku ya kuubeba hakuna wa kupokezana naye.

Siku utakaposikia kelele ya mwizi mtaani kwako, pale Mwanjelwa au Kihesa, na ukaona miguu yako inakimbilia huko pamoja na miguu ya wengine, simama kidogo. Jiite jina lako kamili, kama linavyoandikwa kwenye kadi ya kliniki uliyokuwa nayo mtoto. Kisha amua ni mtu mwenye jina hilo anayekwenda kutazama, kupiga, au kuita polisi. Kumi na wawili walitoka mbele kule Józefów. Hawakutosha. Lakini walituonyesha kwamba mlango ulikuwa wazi.

Hadi wiki ijayo, kwa heri.